Bushi na pini ya milimita 6: kazi ya usahihi bila mashine ya kukereza

Kiungo kikianza kugonga kwenye cherehani ya miguu, kwenye kiti cha magurudumu au kwenye mashine yoyote ndogo ya nyumbani, mara nyingi mashine yenyewe bado ni nzima. Kilichokwisha ni tundu lililolika likawa na umbo la yai, pamoja na pini iliyokonda katikati. Mwenye mashine huambiwa anunue mkono mzima wa mashine, au tundu hujazwa kwa kuchomelea kisha likatobolewa upya kwa kukadiria, na muda si mrefu mlio ule ule unarudi. Tiba yake ni bushi ya brasi, yaani bomba fupi linalokaa ndani ya tundu, na pini mpya ya chuma, vikae pamoja kwa mwanya wa 0.01 hadi 0.03 mm. Mkerezaji mwenye leth atakutengenezea kwa dakika chache. Wewe mwenye drili, jiliwa na tupa utatumia nusu siku, lakini kazi itatoka, tena itatoka vizuri.

Mfano nitakaoushika mwanzo hadi mwisho ni bushi yenye kipenyo cha nje cha mm 10, tundu la mm 6 na urefu wa mm 8. Vipimo hivi nimevichagua kwa sababu. Usahihi ambao huna mashine ya kuuzalisha, unauazima: kwenye shafti iliyosagwa kiwandani, kwenye pete ya beringi, kwenye kioo cha dirisha. Vitu hivi vimetengenezwa na mashine za bei kubwa, na baada ya kuharibika vinatupwa vikiwa bado na nyuso zilizonyooka na vipenyo visivyopotoka. Chagua vipimo vya kazi yako vifuate vitu hivyo, na sehemu kubwa ya ugumu imeondoka kabla hujawasha drili.

Carl Edvard Johansson, fundi wa kiwanda cha silaha huko Eskilstuna, Sweden, aliwaza hivyo hivyo kwa kiwango cha juu zaidi. Mwaka 1896 alibuni vipande vya chuma vya kupimia ambavyo vikibandikwa kimoja juu ya kingine vinatoa maelfu ya vipimo tofauti. Kumalizia nyuso za vipande hivyo alifanyia nyumbani kwake, kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusagia. Viwanda vya dunia nzima bado vinapima kwa vipande vya namna hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wengi wenye mikono mizuri wameshaamini kwamba bila mashine ya mamilioni hawawezi kugusa kazi ya usahihi.

Vitu vya kuwa navyo

Drili ya stendi ndiyo inayofaa. Drili ya mkono iliyofungwa imara kwenye stendi yake nayo inatosha. Jiliwa moja kubwa la mezani na jingine dogo la kuweka chini ya drili. Tupa tatu: ya kati, laini, na seti ya tupa ndogo za sindano. Msumeno wa chuma. Biti za mm 1.5, mm 4, mm 5.8 na mm 10. Msasa wa maji namba 240, 400, 800 na 1200. Kipande cha kioo cha unene wa mm 6 au zaidi, ukubwa wa karatasi ya daftari. Jiwe laini la kunolea, kalamu ya wino usiofutika, sumaku, chaki ya ubaoni na mafuta ya cherehani.

Kioo usikidharau. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mbinu yake mwaka 1959, kioo cha dirisha hutengenezwa kwa kuelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, na ndiyo maana kimenyooka kuliko ubao wowote na kuliko vyuma vingi utakavyookota. Kikiwekwa juu ya meza iliyo sawa, kikabandikwa msasa kwa maji, kinakuwa uso wako wa kusagia.

Kwa kupimia, kalipa ya dijitali inayoonyesha 0.01 mm inapatikana kwa bei nafuu, ila kuonyesha ni jambo moja na kusema kweli ni jambo lingine. Kalipa za kawaida zinaweza kukosea kwa 0.02 au 0.03 mm na zisikuambie. Ukiweza kupata maikromita ya 0–25 mm, kifaa cha kupimia kwa skrubu, hata iliyotumika, inunue kabla ya kununua kifaa kingine chochote cha bei hiyo.

Malighafi: rodi ya brasi ya mm 10, beringi mbovu namba 6000, na shafti ya chuma ya mm 6 ambayo imesagwa. Maduka ya vyuma huuza shafti iitwayo silva stili, chuma chenye kaboni nyingi kilichosagwa kwa kipenyo sahihi, na hiyo ndiyo bora kwa sababu inakubali kukomazwa, yaani kufanywa ngumu kwa moto na maji. Kwenye printa zilizokufa utakuta pia shafti zinazong'aa ambazo kichwa cha wino kilikuwa kinatembelea. Hizo zimenyooka sana, ila si zote zinazokomaa, na hapa chini kuna jaribio la kuzijua. Kwa Nairobi, mzunguko mmoja wa Kamukunji utakupa karibu vyote. Kwa Dar es Salaam, anzia Gerezani.

Kukijua kipimo chako

Kabla ya kukata chochote, chukua beringi ya sindano iliyotoka kwenye pikipiki au kwenye krosi ya shafti ya gari, toa vijiti vyake na uvisafishe kwa petroli mahali pa wazi, mbali na moto. Vijiti vya beringi moja vimelingana kwa mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Pima kimoja mara nyingi, kwa mkono ule ule na nguvu ile ile, kisha pima vingine. Kalipa ikikupa namba tofauti kwa vijiti hivyo, tofauti inatoka kwenye mkono wako au kwenye kalipa. Endelea mpaka mkono utulie. Zoezi hili linafundisha kuliko maelezo marefu, na fundi aliyelifanya haamini tena namba ya kwanza anayoiona.

Jambo la pili ni joto. Kipande cha brasi cha mm 10 kilichopata joto la nyuzi 50 zaidi ya hewa ya chumbani kinanenepa kwa karibu 0.01 mm. Kwa mwanya tunaoutafuta, hicho si kidogo. Kipande kikitoka kwenye drili, kiache juu ya chuma kikubwa mpaka kipoe ndipo upime.

Jambo la tatu: usipime tundu dogo kwa meno ya ndani ya kalipa ukaliamini jibu. Meno yale yana ubapa kidogo kwenye ncha, kwa hiyo kwenye tundu la mm 6 hayafiki kwenye kipenyo kamili na yanasoma pungufu. Tundu tutalipima kwa pini yenyewe.

Hatua ya 1: kipanuzi cha tundu

Biti ya kawaida haitoboi tundu la usahihi. Hutoboa kubwa kuliko jina lake, na mara nyingi tundu halina mviringo kamili. Kwenye karakana kubwa tundu hutobolewa dogo kidogo, kisha hupanuliwa na kifaa maalumu. Kifaa hicho unaweza kujitengenezea kwa kutumia shafti ile ile itakayotoa pini, na hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo: kikatio na pini vikitoka kwenye chuma kimoja, kipenyo chao ni kimoja, na kikatio kikizunguka hufungua tundu kubwa kwa kiasi kidogo sana kuliko chenyewe. Mwanya unaoutaka unajitokeza bila wewe kujua kipenyo hicho ni 6.00 au 5.98.

Kwanza hakikisha chuma chako kinakomaa. Kata kipande kifupi, kipashe mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kitumbukize kwenye maji, kisha kipitishie tupa ya zamani pembeni. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma kinafaa. Ikiuma, shafti hiyo itumie kwa pini na utafute silva stili ya kutengenezea kipanuzi, ila pima zote mbili kwa maikromita uone kama zinalingana.

Sasa kata urefu wa mm 80. Funga kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili vya mbao ngumu ili meno ya jiliwa yasiukwaruze mviringo, kisha piga tupa upande mmoja kwa mshazari mrefu, uanzie ukingo mmoja wa shafti na uishie ukingo wa pili kwenye ncha, mteremko wenye urefu wa mm 25 hadi 30. Uso unaotokea una umbo la duara lililovutwa, na ukingo wake ndio utakaokata. Maliza kwa tupa laini, kisha msasa wa 400 juu ya kioo, mpaka ukingo uwe mkali bila mabonde.

Kukomaza: jiko la mkaa lenye feni linatosha, au tochi ya gesi. Pasha ncha yote ya mshazari pamoja na sentimita moja nyuma yake, taratibu, ukigusisha sumaku mara kwa mara. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 kinaacha kuvutwa. Kipandishe kidogo tu baada ya hapo, mpaka wekundu ung'ae zaidi kidogo, kisha kitumbukize kwenye maji kikiwa wima kabisa na ukizungushe humo humo. Kikiingia kwa ubavu kitapinda, na kipanuzi kilichopinda hakina tiba. Fanya kazi hii penye kivuli, kwa sababu jua kali linaficha wekundu na utajikuta umepasha kupita kiasi.

Chuma kikitoka kwenye maji ni kigumu lakini kinavunjika kama gae la chungu, basi kipunguzwe ugumu. Sugua uso wa mshazari kwa msasa mpaka ung'ae, halafu pasha upande wa shina, mbali na ncha. Utaona rangi zikitembea kuelekea kwenye ncha: manjano hafifu, manjano iliyokolea, kahawia, zambarau, bluu. Manjano hafifu ya majani makavu ikifika kwenye ncha, karibu nyuzi 220 hadi 230, zima mara moja kwa maji. Ikifika bluu umeshapita nyuzi 290, ukingo hautadumu, rudia tangu mwanzo. Mwenye oveni ya jikoni inayofika nyuzi 220 aweke humo kwa saa nzima na hatakuwa na wasiwasi wa rangi.

Noa uso wa mshazari peke yake, ubapa juu ya jiwe lenye mafuta. Mviringo wa nje usiuguse kwa jiwe wala kwa tupa. Kama moto umeacha magamba meusi, yaondoe kwa kitambaa na msasa wa 1200 uliokwisha makali, kwa kugusa tu, kwani kila unachokitoa hapo unakitoa kwenye kipenyo.

Hatua ya 2: tundu katikati ya rodi

Kutoboa katikati ya rodi kwa kugonga alama kwa panchi kisha kuteremsha biti ni njia ya kukosea. Biti hutembea, nawe utagundua ukiwa umefika chini. Geuza mpango: rodi izunguke, biti itulie. Chuma kinachozunguka huileta biti kwenye kitovu chake chenyewe, na ndiyo sababu leth hutoboa vizuri.

Funga biti ya mm 4, fupi kadiri inavyowezekana, kwenye mdomo wa drili. Iteremshe mpaka iingie kati ya meno ya jiliwa dogo lililo mezani, ncha ikitazama juu. Hapa inabidi biti iwe imeshikwa kwa upande wa kukatia kwanza. Kwa hiyo izungushie kipande cha karatasi nene meno ya drili yasiiharibu. Kaza jiliwa, kisha funga jiliwa mezani kwa bolti. Legeza mdomo wa drili, upandishe, na biti itabaki imesimama wima chini ya kitovu. Sasa funga rodi ya brasi kwenye drili, urefu wa mm 25 tu uwe nje, na uteremshe rodi juu ya biti. Mwendo wa polepole, nguvu ndogo, na toa mara kwa mara kumwaga vumbi la brasi. Ingia mm 30, ili mshazari wa kipanuzi upate nafasi ya kupita mbele ya urefu wa bushi.

Brasi ina tabia moja ya hatari: inaivuta biti. Ukingo mkali wa biti ya kawaida unajichimbia ndani kama skrubu, kipande kinaruka au biti inavunjika. Dawa ni ndogo na wengi hawaifanyi. Kwa jiwe la kunolea, tengeneza ubapa mwembamba sana kwenye kila ukingo wa kukata, sambamba na urefu wa biti, ili ukingo ukwangue badala ya kuchimba. Biti hizo ziweke alama, ziwe za brasi tu.

Kwa biti ya pili, ya mm 5.8, legeza bolti za jiliwa dogo ili liweze kusogea kidogo kila upande, lakini mpini wake uegemee nguzo ya drili usiache jiliwa lizunguke. Tundu la kwanza litaiongoza biti ya pili, nayo italivuta jiliwa mahali pake. Usiitoe rodi kwenye drili kati ya biti moja na nyingine. Kama huna mm 5.8, noa biti ya mm 5.5 ili ukingo mmoja uwe mrefu kidogo kuliko mwenzake. Itatoboa kubwa kuliko kipenyo chake. Jaribu kwenye kipande cha kutupa mpaka ubaki na 0.1 hadi 0.2 mm za kupanua.

Kisha funga kipanuzi kwenye jiliwa lile lile linaloelea, ncha juu. Zima drili uichomoe kabisa kwenye umeme, na zungusha mdomo wake kwa mkono huku ukiteremsha rodi. Ncha ya mshazari itaingia kwenye tundu la mm 5.8 yenyewe. Utahisi brasi ikikwanguliwa kama unga. Kila baada ya mm 2 toa, futa kipanuzi na upulize tundu, kwa sababu kifaa hiki hakina njia ya kutolea taka, na taka zikijaa zinaukwaruza ukuta. Unaweza kutumia umeme kwa mwendo wa chini kabisa. Mimi nasisitiza mkono, maana ni mizunguko michache tu na unahisi kila kitu.

Hatua ya 3: kulipima tundu

Chukua kipande cha shafti ya mm 6, kiondolee ukali kwenye ncha, kisafishe kwa spiriti pamoja na tundu, na ukiingize kikiwa kikavu. Kinapaswa kupita kwa kusukumwa na kidole au kwa uzito wake, bila kutikisika. Hilo ni jaribio la kupita.

Jaribio la kutopita linahitaji kitu chembamba kinachojulikana, na jikoni kipo: karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Ikunje mpaka iwe tabaka nane, ibonyeze vizuri, pima kwa maikromita, gawanya kwa nane. Nyingi hutoka kati ya 0.01 na 0.02 mm kwa tabaka moja. Kata ukanda mwembamba, ulaze juu ya pini kwa urefu, na ujaribu kuingiza vyote viwili. Tabaka moja likiingia kwa shida, umefika penyewe. Tabaka mbili zikipita bila kukataa, anza kuwa na shaka. Tatu zikipita, bushi hiyo igeuze kuwa washa, ile pete ya kuwekwa chini ya nati, na utoboe nyingine.

Viwanda vinavyofuata viwango vya ISO huandika ushirikiano wa namna hii kama H7/f7, ambao kwa mm 6 unatoa mwanya wa kati ya 0.010 na 0.034 mm. Kwa hiyo karatasi ya alumini na shafti ya printa vimekupeleka kwenye eneo lile lile la mchoro wa kiwandani.

Pini ikigoma, usithubutu kulisaga tundu la brasi kwa pesti ya kusagia valvu. Brasi ni laini. Chembe za pesti zinazama ndani yake, zinabaki humo, na bushi inageuka kuwa msasa unaoila pini kila siku ya uhai wake. Kinachosagwa ni pini: izungushe kwenye drili, izungushie msasa wa 1200 wenye mafuta, hesabu sekunde chache, osha, jaribu tena. Hapo kuna haja ya subira ya kweli, kwani unaondoa mikroni.

Hatua ya 4: urefu na nyuso zilizonyooka

Hapa ndipo beringi 6000 inapolipa. Tundu lake ni mm 10, upana wake mm 8, na nyuso za pete yake ya ndani zimesagwa kwa pembe mraba kamili na tundu. Pete yenyewe ni ngumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Ichane pete ya nje kwa grainda, vaa miwani ya kazi, kisha ifunike kwa kitambaa kizito na uivunje kwenye jiliwa. Vipande vya chuma cha beringi huruka kwa kasi na jicho halina spea.

Kata bushi kwenye rodi kwa msumeno, uache karibu mm 0.5 ya ziada kila upande. Iingize kwenye pete, ifunge kwenye jiliwa, na piga tupa ncha inayochungulia mpaka tupa ianze kuteleza juu ya pete. Mlio utabadilika, mkono utahisi. Geuza, weka upande uliomalizika juu ya kioo ndani ya pete, funga tena, piga tupa upande wa pili. Ukimaliza una bushi yenye urefu wa pete yako na nyuso mbili zinazotazamana sawasawa. Pima upana wa pete kwa kuwa beringi zinaruhusiwa kupungua kidogo chini ya mm 8. Malizia kwa msasa wa 800 kwenye kioo.

Kwa kuwa tumegusa tupa, maneno machache juu yake. Tupa mpya ianzie kwenye brasi. Ikishatumika kwenye chuma haikati brasi vizuri tena. Ipake chaki ya ubaoni kabla ya kuanza, vumbi la chuma halitanasa kwenye meno na kuchora mikwaruzo mirefu. Tupa inakata ikienda mbele, kwa hiyo inyanyue wakati wa kurudi. Jiliwa likae kwenye kimo cha kiwiko chako. Likiwa juu au chini zaidi, tupa inapepesuka na uso unakuwa na mgongo katikati. Ukitaka kujua mgongo uko wapi, paka uso wino, sugua mara moja juu ya msasa kwenye kioo, na utazame palipobaki wino. Hapo ni bonde. Punguza kwingine.

Hatua ya 5: pini

Pini usiikomaze. Silva stili kama ilivyotoka dukani inatosha dhidi ya brasi, na kukomaza kungeipinda na kuiachia magamba baada ya jitihada yote ya kupata kipenyo. Acha bushi ndiyo ilike. Ni ya bei ndogo na sasa unajua kuitengeneza.

Kata kwa urefu unaopita kwenye mashavu yote mawili ya kiungo pamoja na washa mbili, ongeza mm 4 kila upande kwa ajili ya spliti pini ya mm 1.5, ile ya miguu miwili inayopindwa ili pini isichomoke. Tundu la spliti pini lazima lipite katikati ya mviringo, na kulipata bila kifaa maalumu kuna njia ya zamani. Funga pini kwa ulalo kwenye jiliwa dogo. Weka rula nyembamba ya chuma juu yake, teremsha ncha ya biti ibane rula kwa wepesi. Rula ikilala sawa na meza, uko kwenye kilele cha mviringo. Ikiinama upande mmoja, upande ulioinuka unakuonyesha mahali kilele kilipo. Sogeza jiliwa kuelekea upande ulioinama, ili kilele kije chini ya biti. Njia hii inakupa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita au bora zaidi, na kwa spliti pini hiyo inazidi haja. Gonga alama kwa panchi, toboa polepole kwa mafuta, piga tupa ukali wote unaobaki.

Hatua ya 6: kuifunga

Tundu la mkono wa mashine lipanuliwe kwa biti ya mm 10, mkono ukiwa umefungwa mezani, kamwe usishikwe kwa mikono wala kwa glovu. Tundu la biti litakuwa kubwa kidogo kuliko bushi. Safisha vyote kwa spiriti, paka gundi ya kushikilia beringi, ingiza bushi, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Gundi ikiingia ndani ya tundu la bushi ni hasara, hivyo ipake kwa uchache na uipake upande wa nje wa bushi katikati tu.

Bushi ikishakamata, toboa tundu la mafuta la mm 1.5 kutoka juu ya mkono mpaka ndani, kwenye upande usiobeba mzigo. Pitisha kipanuzi kwa mkono mara moja tena kuondoa ukali uliobaki ndani. Osha kwa petroli, pangusa, tia mafuta ya cherehani, ingiza pini. Ukiziba upande mmoja wa tundu kwa kidole na kusukuma pini, unasikia hewa ikigoma kutoka.

Tia mafuta tena baada ya saa ya kwanza ya kazi na uyatazame yanayotoka. Yakiwa na wekundu wa dhahabu kidogo, brasi inajilaza mahali pake, na baada ya kutiwa mara mbili au tatu yatatoka safi. Yakiendelea kutoka na unga, toa pini uitazame chini ya mwanga: utaona mstari unaong'aa pale inapobana, na hapo pasuguliwe kwa msasa wa 1200.